Dereva na Abiria Wake: Msamaha Haufuti Fidia



Juma hili nimeona nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo mara nyingi tunalikwepa, nami mwenyewe nimelikwepa kwa muda mrefu: wajibu wa dereva kwa abiria anayeumia ndani ya chombo chake. Naanza na ungamo la hadhara.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijafika hapa, nilikuwa nikiendesha pikapu ya parokia niliyokuwa nikihudumia. Ilikuwa siku ya somo wa kigango kimojawapo, na wanakwaya walikuwa wengi kuliko viti. Nikafanya kama tunavyofanya sote: mapadre wawili mbele, wanakwaya nyuma wamesimama, ngoma na kinanda katikati yao. Wakati wa kurudi jua lilikuwa linazama nami nilikuwa na haraka. Kwenye kona yenye changarawe gari liliteleza, likagonga ukingo wa barabara, na mama mmoja akaanguka chini. Mkono wake wa kulia ukavunjika.

Nilimpeleka hospitali. Nilimwombea. Nilimtembelea mara nne nyumbani kwake, na katika ziara ya mwisho nilimpelekea kilo mbili za sukari. Niliondoka nikijiona mchungaji mwema. Alinisindikiza hadi nje, mkono ukiwa bado umefungwa plasta, akasema kwa upole: “Baba, nimekusamehe tangu siku ile. Lakini shamba langu halijapaliliwa.”

Hakuongeza neno. Wala hakuhitaji kuongeza. Alikuwa ameniambia, kwa heshima yote ambayo mama Mkristo humpa padre wake, kwamba msamaha wake nilikuwa nimekwisha kuupokea bure, lakini kwamba kulikuwa na deni ambalo sala zangu na sukari yangu havikuligusa.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza tofauti maneno tunayoyasema kwenye misiba na kwenye vitanda vya wagonjwa. “Ni bahati mbaya.” “Ndiyo mapenzi ya Mungu.” “Kazi ya Mungu haina makosa.” Ni maneno ya faraja, nami sitaki kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Lakini angalieni jinsi yanavyotumika. Bodaboda amebeba mshikaki wa abiria watatu, usiku, taa haiwaki, amekunywa. Abiria mmoja amevunjika mguu. Na wa kwanza kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu ni mwenye pikipiki. Hapo jina la Mungu limekuwa kichaka cha kujifichia. Amri ya pili inatukataza kulitaja bure jina lake, na sijui njia ya kulitaja bure iliyo mbaya kuliko kumbebesha Mungu lawama ya breki mbovu.

Sisi watu wa Mara tunaijua gharama ya barabara. Tarehe 5 Septemba 2014, katika eneo la Sabasaba wilayani Butiama, mabasi mawili yaligongana, na gari dogo likaingia katika ajali hiyohiyo. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha na wengine wengi walijeruhiwa. Tunawakumbuka waliofariki, nasi tunafanya vema. Lakini huwa tunawasahau mapema waliobaki hai: aliyekatwa mguu, mjane aliyebaki na watoto, kijana aliyekuwa fundi na sasa hawezi kushika nyundo. Msiba huchukua siku chache. Ulemavu huchukua maisha.

Je, Maandiko Matakatifu yanasema nini? Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Mtu akimpiga mwenzake naye akalazwa kitandani kisha akapona, aliyempiga anapaswa kumlipa kwa muda alioupoteza na kuhakikisha ameponywa kabisa. Anayeacha shimo wazi na mnyama wa mwenzake akatumbukia, atalipa. Kuna pia habari ya ng'ombe dume. Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi hatia ni ya mwenye ng'ombe. Sisi wafugaji hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia hilo. Weka gari mahali pa ng'ombe, weka tairi lililokwisha na breki zisizoshika mahali pa pembe, na utaona kwamba Musa alikwisha kuzungumza na wenye vyombo vya moto. Tena, Maandiko yanatofautisha. Hayasemi kila ajali ni hatia; yanauliza kama mtu alijua, kama alionywa, kama alichukua tahadhari.

Sasa twendeni kwenye Injili ya Msamaria Mwema, Luka sura ya 10. Tumeisikia mara nyingi hata hatuisikii tena. Aliyemwuliza Yesu swali alikuwa mwanasheria, na swali lake lilikuwa la kisheria: jirani yangu ni nani? Msamaria alimwona majeruhi, akamfunga jeraha, kisha akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Yaani, kwa lugha ya siku zetu, alimpa lifti. Akamfikisha salama katika nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi atailipa atakaporudi. Tazameni vizuri: huyu hakuwa amemjeruhi mtu yule. Waliomjeruhi ni wanyang'anyi. Hata hivyo alilipa matibabu na akaacha hesabu wazi. Ikiwa asiyemwumiza mtu alilipa kiasi hicho kwa huruma, je, aliyemwumiza atadaiwa kiasi gani kwa haki?

Pengine hamjui kwamba swali hilo la mwanasheria liliingia hadi katika mahakama za dunia. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Alipokuwa ameshakunywa sehemu, mabaki ya konokono aliyeoza yakatoka ndani ya chupa; akaugua. Tatizo lilikuwa hili: yeye hakuwa amelipa hata senti moja, wala hakuwa na mkataba wowote na mtengenezaji. Atamdai kwa haki gani? Kesi ilifika mbele ya majaji wa Baraza la Malordi la Uingereza, na mwaka 1932 Lord Atkin, mmoja wa majaji hao, alichukua swali la Injili ya Luka na kulijibu kisheria. Kwa maneno yangu mwenyewe, alisema kwamba jirani yangu mbele ya sheria ni mtu yeyote ambaye ningepaswa kumfikiria kwa sababu tendo langu laweza kumdhuru moja kwa moja. Sheria ya uzembe katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, Tanzania ikiwamo, imejengwa juu ya msingi huo. Nani basi aliye jirani wa dereva kuliko abiria aliyekaa nyuma yake, asiyeshika usukani wala kukanyaga breki, ambaye amekabidhi uhai wake wote katika mikono ya mtu mwingine?

Hapa nawaomba tutofautishe mambo matatu tunayoyachanganya: faini, fidia na msamaha.

Faini ni adhabu ya jinai. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, dereva anayesababisha kifo au majeraha kwa uendeshaji wa hatari hushtakiwa na Jamhuri. Akipatikana na hatia anaweza kufungwa au kutozwa faini. Lakini faini huenda serikalini. Nimewasikia watu wakisema, “Yule dereva alikwisha kulipa mahakamani,” wakidhani majeruhi amepata haki yake, kumbe majeruhi hakupata hata nauli ya kwenda kliniki.

Fidia ni jambo la madai. Ni malipo kwa aliyeumia, kwa ajili ya matibabu, kipato alichokipoteza, maumivu na ulemavu. Na akifa, kwa ajili ya wale waliokuwa wakimtegemea. Ili aipate, ni lazima athibitishe uzembe. Dereva mwangalifu aliyegongwa na mwingine si mdaiwa. Mdaiwa ni yule aliyemgonga. Tena sheria haimtazami dereva peke yake: mwajiri huwajibika kwa uzembe wa dereva aliyemwajiri akiwa kazini. Hilo ni la haki, kwa kuwa dereva mara nyingi ni maskini kama abiria wake, na aliyekuwa akipokea hesabu ya kila siku ni mwingine.

Msamaha hutoka moyoni mwa aliyeumizwa. Hauuzwi. Hakuna wa kuudai kwa nguvu, wala haupaswi kusubiri fedha. Lakini msamaha haufuti fidia, kama vile fidia haiwezi kununua msamaha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inatufundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi, lakini haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeyaleta. Mwenye kutubu anapaswa kutengeneza kile alichoharibu kwa kadiri awezavyo. Mimi padre nina mamlaka ya kumwondolea dereva dhambi yake katika kiti cha kitubio. Sina mamlaka ya kumfutia deni alilo nalo kwa mama wa watu. Zakayo alilielewa hilo bila kufundishwa. Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakusema tu kwamba anasikitika. Alisimama akataja hesabu.

Najua kuna jambo moja linalowasumbua wengi, nalo ni lifti ya bure. “Baba, mtu amenionea huruma njiani, amenibeba bila nauli, nikiumia nimdai? Si ndiyo fadhila ya punda kuwa mateke?” Ni swali la mtu mwenye adabu, na linastahili jibu.

Wenzetu wa Marekani walipitia swali hilohilo. Mwaka 1927 jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya kumzuia abiria wa bure kumdai aliyembeba kwa uzembe wa kawaida, na majimbo mengine mengi yakafuata, California mwaka 1929. Sababu zilikuwa mbili: kulinda ukarimu dhidi ya wasio na shukrani, na kuzuia rafiki wawili wasishirikiane kuidanganya kampuni ya bima. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya California iliifuta sheria hiyo, ikiona kwamba si haki kumnyima majeruhi mkweli ulinzi kwa sababu tu wapo waongo, na kwamba ukarimu haulindwi kwa kumwachia mgeni aumizwe bila malipo. Nami nakubaliana nao. Anayenikaribisha chakula nyumbani kwake bila malipo hana ruhusa ya kunipa chakula kilichooza. Ukarimu ni kunibeba. Haujumuishi kunivunja mkono. Mimi mwenyewe sikumtoza mama yule nauli, na wala hilo halikuponya mkono wake.

Hata hivyo wenye magari binafsi wanapaswa kujua jambo hili. Sheria yetu ya bima ya magari inamlazimisha kila mwenye chombo kuwa na bima ya kufidia wengine atakaowadhuru, ile tunayoiita bima ndogo. Lakini mfumo tuliourithi kutoka kwa Waingereza uliweka sharti la kuwakatia bima abiria kwa vyombo vinavyobeba watu kwa malipo au kwa sababu ya ajira yao. Abiria wa hisani katika gari binafsi aliachwa nje ya sharti hilo. Wajibu wa dereva kwake upo palepale, ila huenda kampuni ya bima isimlipie. Kwa hiyo, mpendwa unayejaza pikapu watu wa kwenda msibani, soma hati yako ya bima, au mwombe wakala akueleze kama abiria wako wamo. Usingoje kuuliza swali hilo mbele ya kitanda cha hospitali.

Na ninyi wenye kumiliki pikipiki mnazowapa vijana kwa hesabu ya siku, nawajua. Baadhi yenu ni viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, wengine ni walimu na wafanyabiashara. Mnajua leseni ya kijana huyo iko wapi? Bima imekwisha lini? Baada ya ajali ya basi la wanafunzi wa Arusha iliyotokea Karatu tarehe 6 Mei 2017, ambapo watu 35 walifariki, wengi wao wakiwa watoto, mmiliki alifikishwa mahakamani, na miongoni mwa mashtaka yaliyosomwa yalikuwamo ya kuzidisha abiria na ya gari kutokuwa na bima. Simhukumu mtu. Nasema tu kwamba stika ya bima tunayoiona kuwa usumbufu wa trafiki ni sehemu ya amri ya kumpenda jirani. Ni njia ya kuandaa zile dinari mbili kabla majeruhi hajapatikana.

Kwa familia zinazopatwa na ajali, nashauri yafuatayo. Kwanza, toeni taarifa polisi na kuchukua fomu ya PF3, hata kama dereva ni mjomba wenu. Pili, andikeni namba ya chombo, jina la kampuni ya bima na majina ya walioshuhudia. Tunzeni kila risiti. Tatu, msikubali kuweka dole gumba kwenye karatasi ya “tumemalizana” siku ya pili ya msiba, machozi yakiwa hayajakauka. Mfuko wa mahindi na sanda ni msaada mzuri wa jirani. Si bei ya mtu. Nne, msichelewe: shauri la madhara ya namna hii linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Kampuni ya bima ikiwasumbua, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Tano, semeni kweli. Anayejifunga bandeji asiyoihitaji ili apate fedha ameiba, na anawafanya majeruhi wa kweli wasiaminiwe.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Mahakama inaweza kupunguza fidia ya mtu aliyechangia kuumia kwake mwenyewe. Unayemhimiza dereva aongeze mwendo, unayepanda pikipiki ya mtu unayeona wazi amelewa, unayekataa kofia ngumu kwa sababu itaharibu nywele, usije ukasema hukuwapo. Konda anapojaza watu, sisi ndio tunaosogea.

Je, haya hayawezi kumalizwa kidugu? Yanaweza, na mara nyingi inafaa. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililokuwa likishughulikia uchungaji wa wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva. Mojawapo inahimiza kuzisaidia familia za waliopatwa na ajali, na nyingine inahimiza dereva mwenye hatia na aliyeumia wakutanishwe kwa wakati unaofaa ili waonje msamaha. Jumuiya zetu zinaweza kuwa mahali pa kikao hicho. Lakini kikao cha Kikristo kina pande mbili zinazosikilizwa sawasawa. Kama kimeitishwa ili kumnyamazisha mjane kwa kuwa dereva ni mtoto wa mwenyekiti, hicho si kikao cha upatanisho. Wazee wetu wa Mara hawakuwa na kampuni za bima, lakini walijua kwamba amani isiyo na malipo ya haki haikai; ndiyo maana mifugo ilihama kutoka boma moja kwenda jingine, ndipo watu wakala pamoja.

Niwamalizie habari ya mama yule. Nilirudi kwake baada ya siku chache, safari hii bila sukari. Nilikaa naye pamoja na mume wake na katekista, tukahesabu: vibarua wa kupalilia, nauli za kliniki, dawa, na miezi ambayo hakuweza kufanya biashara yake ndogo ya mnadani. Sikuwa na fedha zote. Nililipa kwa awamu, kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa mikono iliyoshika usukani ilikuwa yangu na si ya parokia. Siku ya awamu ya mwisho alicheka akasema, “Sasa Baba unaweza kula nyumbani kwangu bila kuangalia chini.” Alikuwa ameona kitu ambacho mimi nilikuwa sijakiona: fidia ilikuwa imeniponya na mimi.

Tangu hapo hakuna anayepanda nyuma ya pikapu ninayoiendesha. Najua wapo wanaonung'unika, hasa siku za mvua na siku za misiba ya mbali, na wapo wanaosema paroko amekuwa mgumu. Nawaomba radhi. Heri mnune kwa kutembea kuliko nije kuwatembelea na kilo mbili za sukari.

Bikira Maria, aliyesafiri kwa haraka lakini akafika salama kwa Elisabeti, awaombee wasafiri wetu wote, na madereva wetu wote.

Mungu Mwenyezi awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko